Suti Ilikuwa Sawa

“Fundi wetu alikosea kipimo. Ndiyo michezo, tunasonga mbele.”

Zarja alikuwa na pini tatu mdomoni maneno hayo yalipotoka kwenye simu aliyoiegemeza kwenye cherehani. Aliyekuwa akisema ni Jernej, mrukaji wa skii namba moja wa Slovenia, kofia ya timu kichwani, theluji ya Oberstdorf, Ujerumani, nyuma yake. Jernej huyohuyo ambaye asubuhi, kwenye kahawa, alimwita “roho yangu”.

Alizitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye kimto chake.

Timu nzima ina fundi mmoja. Ukisema “fundi wetu” umemtaja Zarja Kavčnik wa Rateče kwa jina, kwa sura na kwa ukoo. Miaka mitatu amewashonea suti za kupaa, na hakuna hata moja iliyowahi kukataliwa. Mpaka leo. Jernej alikuwa amepaa mita mia mbili thelathini na moja, akaongoza wote. Akaingia chumba cha vipimo, wakaguzi wakamzungushia futi, suti ikaonekana imelegea kiunoni sentimita mbili kupita ruhusa. Mrukaji mwenye suti iliyolegea anabebwa na upepo ambao wenzake hawaupati, kwa hiyo mruko wake ukafutwa.

Mlango wa gari la kushonea la timu ukafunguliwa. Jernej akaingia, akaufunga polepole.

“Umeiona ile taarifa?”

“Nimeiona. Na shangazi yangu kaiona. Na mchinjaji wa Kranjska Gora kaiona.”

“Nilibanwa, Zarja. Kamera iko puani, ningesema nini?”

“Ungesema hujui. Ni neno moja.”

“Hasira zako zitapoa.”

“Vua jaketi.”

“La nini?”

Zarja alishaishika futi. “Nikupime kiuno. Jumatatu ulikuwa themanini kamili, nimeandika mwenyewe. Suti nimeipima sasa hivi, haijatanuka hata uzi. Kama suti haijakua, mpenzi wangu, basi kuna mtu amepungua.”

Jernej akarudi nyuma hatua moja, akapandisha zipu hadi kidevuni.

“Nimechoka. Kesho.”

Hapo ndipo Zarja alipojua. Mwanaume asiye na la kuficha haogopi futi.

“Ulikunywa lita ngapi?” akauliza.

“Za nini?”

“Usinifanye mtoto. Jumatatu asubuhi mlipimwa uzito. Ukiwa mwepesi, kanuni inakukatia skii fupi. Wewe unataka uwe mwepesi hewani na skii ubaki nazo ndefu. Kwa hiyo unajinyima chakula wiki nzima, halafu unakunywa maji kabla ya kupanda mizani. Lita ngapi, Jernej?”

Jernej alikaa kwenye boksi la vitambaa. Sauti ikatoka chini.

“Mbili. Na kidogo.”

“Ukashuka kwenye mizani ukaja moja kwa moja kwangu, tumbo limejaa maji, nikakupima. Nikakushonea suti ya mtu aliyejaa maji. Leo maji hayapo.”

“Sikufikiria mambo ya kiuno. Nakuapia. Nilifikiria mizani tu.”

“Na kwenye kamera je, ulifikiria nini?”

Jernej ana miaka ishirini na tisa. Nyuma yake kuna vijana wa miaka kumi na tisa wanaopaa bila kuwaza lolote, na kila msimu wanamsogelea. Zarja aliyajua yote hayo, na alimpenda pamoja na woga wake. Lakini hakuwahi kuwaza kwamba siku moja huo woga ungemtafuta yeye wa kuubebesha.

Mlango ukafunguliwa tena. Kocha Vinko, mwenye masharubu, akaingia akikung’uta theluji viatuni.

“Zarja, binti yangu, wakubwa wa chama cha skii wamenipigia. Wanataka upumzike hadi msimu uishe.”

“Wewe kocha unaamini nilikosea?”

Vinko alijikuna kidevu. “Naamini futi ya wakaguzi.”

Zarja akamtazama Jernej. Alikuwa hatua mbili tu kutoka pale. Sentensi moja ingetosha, na kila mtu angejua ya kweli. Jernej alikuwa anatazama viatu vyake kama vya mtu mwingine.

“Sawa,” Zarja akasema. Akachukua mkasi wake, kimto chake na daftari la vipimo. Alipopita mlangoni alimnong’oneza Jernej: “Sitamwambia mtu. Mdomo ulionitaja kwenye televisheni unao wewe. Ukitaka kulirudisha jina langu unajua pa kupitia.”

*

Rateče ni kijiji ambacho ukipiga chafya, watu wa Planica, bonde jirani, wanakutakia afya. Habari ilifika kabla ya Zarja mwenyewe. Alijibanza kwenye chumba cha kushonea cha shangazi yake Pepca, wakashona mapazia ya nyumba za wageni. Wateja walimletea kazi na maneno pamoja.

“Suruali ya mume wangu hii,” akasema jirani mmoja. “Kiuno usikilegeze sana, eh.”

“Cha mumeo kikilegea, mama, niite nije nishangilie,” Zarja akajibu bila kuinua macho. Shangazi Pepca akacheka hadi akapoteza uzi.

Hakulia mbele ya mtu. Alilia mara moja tu, pasi mkononi, kwa sababu ule mvuke ulinukia kama gari la kushonea. Basi, akaendelea kupiga pasi.

Jernej aliandika kila siku.

“Nimekukumbuka.”

“Fundi mpya anashona vizuri ila hanisemeshi.”

“Tuko Vikersund. Upepo mbaya. Wewe hujambo?”

“Zarja, nijibu hata nukta.”

Zarja akamjibu: “.”

Jumapili ya Vikersund, kule Norwe, Jernej alishinda. Sasa aliongoza msimu mzima wa vilima vikubwa kwa pointi mia moja na kumi mbele ya Mnorwe Aksel Brenna, na kilichobaki kilikuwa Planica, nyumbani. Tufe la kioo la bingwa lilikuwa kama liko sebuleni kwao tayari. Kijiji kizima kilishangilia. Zarja naye alishangilia, kimoyomoyo, kisha akajikasirikia.

Siku iliyofuata mama yake Jernej alibisha hodi. Bi Rozalija alikuja na koti la kubadilisha kola, na mbwa wao Muri akimfuata nyuma kwa kuhema.

“Shikamoo mama. Huyu Muri amekuwaje?” Zarja akashangaa. “Ana mimba?”

“Ni dume, mwanangu.”

“Basi amekuwaje?”

Bi Rozalija akakaa, akavua glavu kidole kimoja kimoja. “Kila Jernej akija nyumbani napika štruklji, zile chapati za kukunja zenye jibini anazozipenda. Sahani inarudi nyeupe. Nafurahi, nasema mwanangu anakula. Juzi nimechungulia dirishani, namwona mezani, uma mkono huu, na mkono wa pili uko chini unamlisha mbwa. Tangu Krismasi, Zarja. Muri sasa hapandi hata ngazi.”

Zarja alitaka kucheka, ila uso wa yule mama haukuruhusu.

“Ile suti hukuikosea wewe,” Bi Rozalija akasema. “Ndiyo au siyo?”

“Muulize mwanao, mama.”

“Nimeshamuuliza. Ameinuka mezani.” Alimshika Zarja mkono. “Mimi nimemzaa, sitamtetea. Lakini naogopa. Anapaa mita mia mbili na zaidi kwenye mwili usiokuwa na kitu ndani. Nisaidie.”

“Mama, kama ningeweza kumlazimisha, angekuwa ameshashiba. Hili atalifanya mwenyewe.”

*

Jumatano ya wiki ya Planica Jernej alikuja. Barabarani watu walishaanza kupuliza matarumbeta. Shangazi Pepca alimfungulia, akamtazama juu hadi chini, akasema, “Pita, kama upepo haujakuchukua,” akaenda zake jikoni.

Jernej alisimama kati ya mapazia, kofia mkononi. Mashavu yalikuwa yamezama.

“Umekonda,” Zarja akasema.

“Najua.”

“Kaa.”

“Nimekuja kukuomba msamaha. Nilikuwa mwoga. Nilikusingizia, halafu nikasimama palepale nikakuacha ufukuzwe. Sipati usingizi, Zarja. Nakupenda, na sijui nimelifanyaje lile.”

“Mimi nakupenda pia,” Zarja akasema. “Hilo halijawahi kuwa tatizo letu. Tatizo ni kwamba ukiingia dukani watu wanakupigia makofi, nikiingia mimi wanakonyezana. Jina langu ndiyo kazi yangu. Nani atampa suti fundi asiyejua kupima?”

“Nitasema ukweli. Nakuahidi. Jumapili jioni, ikiisha tu, nitasimama mbele ya kamera niseme yote.”

“Ukiwa na tufe mkononi?”

“Tusubiri tu siku nne.”

“Hapana.” Zarja aliweka mkasi mezani. “Ukiwa na tufe mkononi watakusamehe kabla hujamaliza sentensi. Watasema tazama bingwa wetu alivyo mkweli. Wewe utakuwa umepata sifa mara mbili, na mimi nitakuwa kichekesho cha sherehe yako. Ulisema uongo nilipokuwa na kitu cha kupoteza. Sema ukweli wewe ukiwa na kitu cha kupoteza.”

“Nikisema kesho Vinko atanitoa. Atanipima uzito. Nitakosa Ijumaa. Skii zangu zitakuwa fupi. Aksel atanifikia.”

“Najua.”

“Nimelisubiri hili tufe miaka kumi na moja.”

“Najua, Jernej. Minne kati ya hiyo nilikuwa na wewe.”

Jernej akavaa kofia yake, akatoka. Zarja akabaki anashona pindo la pazia. Baadaye aligundua ameshona pazia hilo pamoja na aproni yake, ikabidi akate.

*

Alhamisi mchana, majaribio yalipokwisha, Jernej aliongoza. Zarja alikuwa anapiga pasi. Shangazi Pepca alikuwa mbele ya televisheni na bakuli la viazi vya kumenya. Mtangazaji alimwekea Jernej kinasasauti usoni.

“Jernej, kiwango chako ni cha kutisha. Tufe linanukia?”

“Kabla ya hilo kuna jambo,” Jernej akasema.

Zarja akaiacha pasi palepale juu ya pazia.

“Kule Oberstdorf nilisema fundi wetu alikosea. Nilidanganya. Suti ilikuwa sawa. Mimi ndiye niliyepungua. Nimekuwa najinyima chakula tangu Krismasi, na siku ya mizani nilikunywa maji kumhadaa kocha, na siku hiyohiyo Zarja Kavčnik akanipima. Alipima sahihi. Hajawahi kukosea. Nilimtupia kosa langu nikakaa kimya alipoondolewa. Namwomba radhi hapa, mbele ya kamera, kwa sababu hapa ndipo nilipomtukana.”

Mtangazaji aliishiwa maneno, kitu ambacho hakikuwahi kuonekana kwenye televisheni ya Slovenia.

“Zarja,” Shangazi Pepca akasema taratibu, “unaunguza pazia.”

Zarja aliitoa pasi. Macho yalikuwa yamejaa, na sasa hakuyaficha. Simu ikalia. Kocha Vinko.

“Zarja, binti yangu.”

“Ndiyo kocha.”

“Niliamini futi. Nilipaswa kumwamini aliyeishika futi miaka mitatu. Nisamehe.”

“Nimekusikia.”

“Nimempandisha mizani bila maji. Kijana amepungua kilo tatu. Kesho haruki, nimemwambia kesho kazi yake ni kula. Jumapili akitaka kuruka ataruka na skii fupi, na atahitaji suti ya mwili wake wa kweli. Chukua mkasi wako uje.”

“Nitakuja. Kwa sharti moja.”

“Sema.”

“Mama yake ndiye apike. Na Muri afungwe nje.”

*

Ijumaa Aksel alishinda, na Jernej akautazama ule mruko kutoka mezani kwa mama yake, sahani mbele yake. Mshindi hupewa mia, kwa hiyo pointi mia moja na kumi zikabaki kumi. Sasa hesabu ilikuwa nyepesi: Jumapili, kati ya hao wawili, atakayemtangulia mwenzake ndiye bingwa.

Jumamosi asubuhi Jernej aliingia kwenye gari la kushonea. Alivua jaketi bila kuambiwa.

“Mikono juu,” Zarja akasema.

Akamzungushia futi kifuani. Akaandika. Kiunoni. Akaandika.

“Usizuie pumzi.”

“Sizuii. Naogopa.”

“Kuruka?”

“Wewe. Hujaniambia kama umenisamehe.”

“Niko kazini. Geuka.” Akampima mgongo, kutoka shingoni hadi mkanda. Vidole vyake vilisimama kidogo kwenye uti, pale mifupa ilipojitokeza kupita alivyoizoea. “Nilipokuona kwenye televisheni nilikuwa na hasira nawe, na nilijivunia, na niliunguza pazia la watu. Yote kwa pamoja.”

“Na sasa?”

“Sasa themanini imekuwa sabini na saba. Hii ndiyo ya kweli, na hii ndiyo nitakayokushonea.” Akakunja futi. “Nilikusamehe Alhamisi. Nilitaka tu kwanza uje uvue jaketi mwenyewe.”

Jernej alimkumbatia, pini zikamchoma kifuani, wala hakulalamika. Hadi mchana suti ilikuwa imekwisha, na wakaguzi wakaipitisha.

Jumapili bonde la Planica lilijaa hadi kwenye miti. Vinko alimpandisha Zarja kwenye jukwaa la makocha, ambako huwa hafiki, akamsimamisha kando yake. Juu kabisa Jernej alikaa kwenye ubao, skii fupi mguuni, akisubiri bendera. Aksel alishatua mita mia mbili na arobaini.

Vinko aliuangalia upepo, akasubiri, akasubiri tena, akaishusha bendera.

Jernej akateremka. Alipouacha ukingo, Zarja hakuangalia mita. Aliangalia suti. Ilimkaa mwilini bila mkunjo, kiunoni hadi magotini, na mwanaume ndani yake alikuwa ametulia hewani kwa mara ya kwanza tangu Januari. Akatua mita mia mbili thelathini na sita na nusu, miguu ikashika, bonde likanguruma.

Haikutosha. Aksel alimtangulia siku hiyo kwa pointi mbili za mruko, tufe likaenda Norwe.

Chini, kwenye chumba cha vipimo, wakaguzi walimzungushia Jernej futi, wakatazamana, wakamwambia aende. Mtangazaji yuleyule alikuwa nje anamsubiri.

“Pointi mbili, Jernej. Na zile skii ndefu ungekuwa bingwa. Hujuti?”

“Zile skii hazikuwa zangu. Zilikuwa za yule wa maji.” Akamwona Zarja nyuma ya uzio, akamvuta mkono hadi mbele ya kamera. “Huyu ndiye fundi wetu. Jina lake Zarja Kavčnik. Nimepimwa sasa hivi, suti iko sawa. Na Zarja, kwa kuwa Slovenia nzima inatazama na siwezi tena kukana nilichosema hapa, unaolewa na mimi?”

Zarja akamtazama vizuri, asiharakishe. Alikuwa na haki ya kumsubirisha kidogo.

“Ukifika kilo sabini,” akasema.

*

Harusi ilikuwa Agosti. Vijana wa Rateče walifunga barabara kwa gogo kama ilivyo desturi, bwana harusi hapiti kwa bibi harusi mpaka alikate kwa msumeno na ajibu yote wanayomuuliza. Jernej alikata, jasho likamtoka. Alipodhani amemaliza, wakatoa mizani ya kupimia viazi kutoka nyuma ya trekta.

“Panda.”

“Na koti?”

“Bila viatu. Na ukague mfukoni, mama Rozalija, kama hana mawe.”

“Na tumboni kama hana maji,” mwingine akadakia.

Sindano ya mizani ikapanda, ikapita sabini, ikasimama sabini na mbili. Matarumbeta yakalia. Jernej akanyoosha mikono juu kwa furaha, na kifungo cha koti la harusi kikakatika, kikaruka, kikaangukia kwa Muri, ambaye sasa alikuwa amekonda na anakimbia vizuri.

Watu wakasogea karibu. Kiongozi wa vijana akamsogelea Jernej na mpini wa msumeno kama kinasasauti.

“Bwana harusi, koti limekubana mbele ya kijiji kizima. Nani amekosea?”

Jernej alimtafuta Zarja kwa macho. Alikuwa amesimama mlangoni kwao, ua jeupe kichwani, mikono kiunoni.

“Koti liko sawa,” Jernej akasema kwa sauti ambayo hata Planica waliisikia. “Mimi ndiye niliyezidi.”

Wakamwachia njia. Alipofika mlangoni Zarja alilikamata koti pembeni, akaligeuza ndani, akamwonyesha mshono.

“Sentimita mbili,” akamwambia. “Nilikuachia kitambaa cha kulipanulia humu ndani tangu nilipolikata. Njoo tule, kisha nitakufungulia.”